Mcheza gofu hurudishwa uwanjani, mkulima huambiwa apumzike

Watoto watano wa mama mmoja wa milimani, wilayani Mbinga, walikubaliana kwa simu mwaka jana kwamba mama yao aache jembe. Mama mwenyewe hakuwemo kwenye mazungumzo hayo. Ana miaka 67, amechimba ngoro tangu akiwa msichana, na kwa miezi minne alikuwa hawezi kulala chali kwa sababu ya kiuno. Kwenye kituo kimoja cha afya alipigwa picha ya eksirei na kuambiwa neno ambalo familia nyingi nchini zimelisikia: pingili zimesagika. Akapewa dawa za maumivu, akaambiwa anunue mkanda wa mgongo, apumzike, asiiname tena.

Mjini, ushauri huo unafuatika. Unaagiza unga dukani, unakaa. Kwa mama wa Kimatengo anayeishi mteremkoni, kuambiwa asiiname ni karibu sawa na kuambiwa asile, kwa sababu shamba la huko halilimwi mtu akiwa amesimama wima.

Wasiolijua shamba la ngoro waelezwe kidogo. Wamatengo walibanwa kwenye milima mikali ya upande wa Litembo na uvamizi wa Wangoni katika karne ya 19, na wakalazimika kulima mahali ambapo mvua moja kubwa ingeweza kushusha udongo wote bondeni. Jibu lao lilikuwa ngoro. Wanaume hufyeka majani kwa nyengo na kuyapanga kwa mistari inayokatana, kama nondo za dirisha. Kisha wanawake huingia na majembe, huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuurusha juu ya majani mpaka yafunikwe. Linabaki shimo lenye upana wa mita moja na nusu hivi, limezungukwa na matuta. Maji ya mvua hutulia humo badala ya kukimbia, na majani yakioza huwa mbolea. Maharage hupandwa juu ya matuta mwezi Machi, mahindi hufuata msimu mwingine. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Kyoto, Japani, walikuja Mbinga miaka ya 1990 kuusoma ufundi huu, na wameusifu kwa namna unavyoulinda udongo. Kiuno cha anayechimba hutajwa mara chache.

Mama huyo alitii. Alilala. Alifunga mkanda asubuhi, akaufungua usiku. Baada ya wiki kadhaa miguu ikaanza kutetemeka akipanda ngazi tatu za mlango wa kanisa, na maumivu yakawa yale yale. Shamba lake la juu likaota majani. Watoto wakaanza kupanga achukuliwe na nani, wa Songea au wa Dar es Salaam.

Aliyeupinga mpango huo ni mdogo wake wa kiume, mstaafu wa jeshi, ambaye kijiji kizima kinamwita Afande. Alirudi nyumbani miaka mitatu iliyopita akiwa na sanduku la vitabu, redio, na begi refu la fimbo za gofu. Gofu alijifunza Lugalo, Dar es Salaam, kwenye uwanja wa jeshi, na aliicheza karibu miaka 20. Kutoka Mbinga, uwanja wa karibu anaoujua ni wa Mufindi, safari ya kupitia Songea, Njombe na Makambako, hivyo hucheza mara moja kwa mwaka. Siku nyingine hupiga mipira miwili mitatu jioni kwenye uwanja wa shule huku watoto wakiifukuzia. Wazee wenzake bado hawajaelewa mtu mzima anapiga kitu mbali kisha anakifuata kwa nini.

Afande naye aliwahi kuvunjwa na kiuno. Akiwa na miaka 51 alishindwa kuinama kuokota mpira shimoni, akasaidiwa kuingia kwenye gari. Alipofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia, swali la kwanza halikuwa la picha. Aliulizwa: unataka kurudi kucheza lini? Kila alichofanyiwa baada ya hapo kilitokana na swali hilo. Alipimwa nyonga zinazunguka kiasi gani, akapewa mazoezi, akaambiwa apige kwa nusu ya nguvu kwa wiki sita, kisha robo tatu. Hakuna aliyemwambia aache gofu, ingawa gofu haimlishi mtu nyumbani kwake.

Ndiyo maana alikasirika aliposikia uamuzi wa wapwa zake. Alimpigia yule wa kwanza, mwenye duka Songea. "Mimi napiga kampira kwa kujifurahisha, nikatibiwa ili nirudi kukapiga," alimwambia. "Dada analima chakula, mnamwambia alale." Mpwa akajibu kwa adabu kwamba mjomba anapenda kubishana, na kwamba mama amechoka. Yote mawili yalikuwa kweli.

Lakini hoja ya Afande ina uzito kuliko hasira yake, na ili kuuona inabidi kuutazama mpigo wa gofu kwa karibu.

Kwa mbali gofu ni mchezo wa watu wanaotembea. Kiunoni mambo ni mengine. Mpigaji huinama kidogo kutoka nyongani, huzungusha mabega kwenda nyuma akiinua fimbo, halafu kwa muda usiofika sekunde mbili huufungua mzunguko wote na kuupeleka mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulikadiria mzigo unaobana pingili za kiuno wakati wa mpigo, ukakuta unafika takriban mara nane ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 75, kwa kitambo kidogo sana, kiuno chake hubanwa kama kimebeba kilo 600. Kukimbia hufikisha mara tatu hivi. Na waliopigwa na nguvu kubwa zaidi za kusokota hawakuwa wachezaji wa kulipwa. Walikuwa wale wa kujifurahisha, ambao mpira wao hauendi hata mbali.

Sababu iko kwenye umbo la mifupa. Uti wa mgongo una pingili 33: saba za shingo, 12 za nyuma ya kifua, tano za kiuno, na zilizobaki zimeungana chini. Zile tano za kiuno ni nene kwa sababu kazi yake ni kubeba. Hukunja na kukunjua vizuri, ila kuzunguka hazijui. Zote tano kwa pamoja hutoa nyuzi 10 hivi kila upande. Mzunguko mkubwa wa mwili hutoka juu yake, kwenye pingili za kifua, na chini yake, kwenye nyonga. Nyonga ikikaza kwa uzee au kwa kukaa kitini miaka mingi, mwili haupunguzi mpigo. Huutafuta mzunguko uliokosekana mahali pengine, na mahali pa jirani ni kiuno. Watafiti waliopima wacheza gofu wenye maumivu ya mgongo wamekuta mara nyingi kwamba nyonga ya mbele, yaani ya kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, ndiyo haizunguki sawasawa kuelekea ndani. Mgonjwa analalamika kiuno, mkosaji ni jirani yake.

Wachezaji wa zamani walikuwa na dawa bila kuiita dawa. Wakivuta fimbo nyuma, waliacha kisigino cha mguu wa mbele kinyanyuke, na nyonga yote ikazunguka pamoja na mabega. Jack Nicklaus alipiga hivyo maisha yake yote na akashinda Masters mwaka 1986 akiwa na miaka 46. Baadaye walimu wengi wakafundisha kuzikaza nyonga na kuzungusha mabega peke yake, kama mpira wa manati unaovutwa, ili nguvu ijilimbikize. Mpira ukaenda mbali zaidi. Bili ikaenda kiunoni.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni Tiger Woods. Alipasuliwa mgongo mara ya kwanza Machi 2014, akapasuliwa tena mara mbili mwaka 2015, na Aprili 2017 pingili yake ya mwisho ya kiuno ikaunganishwa na mfupa wa chini yake. Wengi walimhesabu amekwisha. Aprili 2019, akiwa na miaka 43, akashinda Masters. Si kwamba upasuaji ndio jibu la kila mgongo. Yeye mwenyewe amerudi chumba cha upasuaji baada ya hapo. Kinachohusu ukurasa huu ni kwamba mgongo ule ulitibiwa mpigo ukiwa mezani. Waliomtibu walijua kazi yake ni ipi, mzunguko upi unahitajika, na upi uepukwe.

Afande alitaka dada yake atazamwe hivyo hivyo. Akaanza kumtazama mwenyewe.

Kwanza alimwomba amwonyeshe, bila kuchimba, jinsi anavyochimba. Dada akacheka, akashika jembe, akaonyesha. Walikuwa uani, chini pako tambarare, na kila kitu kilionekana sawa. Kesho yake walipanda shambani polepole, dada akiwa ameshika fimbo, na huko ndiko jambo likajitokeza. Ndani ya mraba wa ngoro miguu husimama kwenye udongo uliokwisha kulegezwa, na dada, akiogopa kuteleza, huikita na kuikaza. Jembe linaingia, linainuka na udongo, na udongo unarushwa upande wa kushoto. Miguu inabaki ilipo. Nyonga zinabaki zilipo. Kinachozunguka ni kiuno, tena kikiwa kimeinama na kimebeba. Mraba mmoja una mipigo mingi ya namna hiyo, na siku moja ina miraba mingi. Mcheza gofu wa mashimo 18 hupiga kwa nguvu mara chache sana akimlinganisha na mwanamke huyo kabla ya saa nne asubuhi.

"Dada, unarusha kushoto tu," Afande alisema.

"Narusha majani yalipo."

"Basi geuka uyaelekee."

Alimwambia anyanyue kisigino na ageuze mguu uelekee tuta kabla ya kurusha, ili nyonga iende na udongo. Dada alijaribu mara tatu, akasimama. Kisha akasema jambo ambalo Afande hakulitegemea: mama yao alikuwa akichimba hivyo. Alikuwa anazunguka ndani ya mraba, hatua kwa hatua, akirusha mbele yake, na akichoka anabadilisha mkono wa mbele kwenye mpini. Yeye aliacha kwa sababu kuzunguka kunapoteza muda, na yeye alikuwa na watoto watano na kahawa ya kuchuma.

Kuhusu mpini, hapo ndugu hao hawakuelewana. Jembe la dada lilikuwa na mpini uliokwisha kuvunjika ncha na kuchongwa upya, umebaki mfupi kuliko ulivyonunuliwa. Afande alitaka mrefu, na hoja anayo. Mwaka 1975 jimbo la California, Marekani, lilikomesha matumizi ya jembe la mpini mfupi, la sentimita 60 hivi, baada ya vibarua wa mashamba ya mboga kulipeleka suala hilo mpaka Mahakama Kuu ya jimbo. Migongo ya vibarua hao ilikuwa imeharibiwa na kuinama kutwa, na wenye mashamba walisema kazi haitafanyika bila jembe lile. Ilifanyika.

Dada akamjibu kwamba California ni tambarare. Mtu akichimba akiuelekea mlima, ardhi inamjia. Mpini mrefu utagonga tuta la juu na yeye ataanguka kwa nyuma. Hilo Afande hakuwa amelifikiria, na aliyewahi kusimama kwenye mteremko wa Umatengo atampa dada haki. Wakakubaliana mpini uongezwe kidogo tu, mpaka mgongo ukae wazi zaidi bila jembe kugonga. Fundi wa kijiji aliutengeneza kwa siku moja. Ilikuwa ni kujaribu, kurudisha, kuchonga tena, kama wacheza gofu wanavyopimiwa urefu wa fimbo kulingana na kimo chao. Ila fimbo hupimwa dukani na muuzaji, na jembe la Mbinga halijawahi kupimwa na mtu.

Kwa ushauri wa Afande, na kwa nauli ya mtoto wa Dar es Salaam, dada alikwenda Songea kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Barabara ni nzuri, safari haikumsumbua. Mtaalamu, binti wa umri wa wajukuu zake, alimwamkia shikamoo bibi, akaitazama ile eksirei, akaiweka chini. Alimweleza kwamba kusagika kule ni sehemu ya uzee kama mvi. Si maneno ya kumfariji tu. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliangalia picha za migongo ya watu wasio na maumivu yoyote: wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa, wenye miaka 80, asilimia 96. Kwa hiyo picha ya mzee ikionyesha mchakao, haijasema bado kwa nini anaumia leo. Maumivu mengi ya kiuno, karibu tisa kati ya kumi, hayana ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Neno "zimesagika" linastahili kutumiwa kwa uangalifu kuliko linavyotumiwa sasa. Mgonjwa akilisikia huona mawe ya kinu ndani ya mwili wake, na kila hatua anadhani inasaga zaidi. Anaogopa kusogea, misuli inayoshika mgongo inalegea, na mgongo unaumia zaidi kwa sababu haushikwi. Miezi minne ya mama huyu kitandani ilikwenda hivyo hasa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023. Linakadiria watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na kwamba watafika milioni 843 ifikapo 2050. Mwongozo unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, na tiba za viungo. Mikanda ya mgongo haipendekezi iwe tiba ya kawaida. Mkanda wa mama huyu ulikuwa umenunuliwa kwa fedha za mtoto wake wa tatu, kwa hiyo alirudi nao nyumbani na kuukunja vizuri kabatini.

Mazoezi aliyopewa ni machache. Kupiga goti moja chini, mguu mwingine mbele, na kusukuma nyonga taratibu mpaka paja la nyuma livutike. Kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua makalio. Kukaa kwenye kigoda, mikono imekunjwa kifuani, na kugeuza kifua huku makalio yakibaki yametulia, ili pingili za juu zikumbuke kazi yake. Na kutembea kila siku. Afande aliyatambua, matatu ya kwanza alikuwa amepewa yeye Dar es Salaam ili arudi gofu.

Kulikuwa na ushauri mmoja zaidi, na huo unawafaa wakulima wote wanaoamka alfajiri. Diski zilizo kati ya pingili hunyonya maji usiku mtu akiwa amelala, hivyo asubuhi zimevimba na mtu huwa mrefu kuliko jioni kwa sentimita moja au zaidi kidogo. Diski iliyojaa hivyo haipendi kukunjwa kwa nguvu. Kuinama sana ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka huongeza hatari ya kuumia, na wagonjwa waliofundishwa kuepuka jambo hilo wamepata nafuu. Kwa mama huyu ilikuwa rahisi: shamba liko mwendo wa dakika 40 kwenda juu. Aliambiwa atembee, akifika apalilie kidogo au akusanye majani, jembe la kuchimba lisubiri. Zamani alikuwa anaanza na la kuchimba kwa sababu ya baridi.

Habari za nafuu yake zilishuka milimani mpaka ziwani, kwa sababu binti yake wa nne ameolewa Mbamba Bay, na mumewe ni mvuvi. Ukishuka kutoka Mbinga, kahawa inabaki juu, joto linakupokea, na mihogo inachukua nafasi ya maharage. Lakini migongo ni ile ile. Mkwe huyo hupiga kasia kwenye mtumbwi wa gogo, amekaa, nyonga zimefungwa na kingo za mtumbwi, akichota maji upande wa kulia usiku mzima kutafuta usipa. Ni mpigo wa gofu usio na miguu. Maumivu yake yako upande mmoja. Mama mkwe alimtumia salamu kwamba abadilishe upande wa kasia. Akajibu kwa heshima kwamba mtumbwi una watu wawili, na mwenzake ndiye anayeushika upande wa kushoto. Hapo hakuna zoezi la kigodani litakalotosha mpaka wavuvi hao wawili wakubaliane kubadilishana.

Na ziwani huko huko ndiko lilikotokea jambo linalopaswa kusimuliwa pamoja na haya yote, lisije likasomwa kwamba kila mgongo unahitaji mazoezi tu. Jirani wa mkwe huyo, kijana wa miaka 30 na kitu, aliumwa mgongo kwa miezi. Watu walimshauri ajinyooshe, asikae bure. Alikuwa anapungua uzito. Usiku alitoka jasho, na maumivu yalikuwa makali hata akiwa amelala. Ilipogundulika, ilikuwa kifua kikuu cha pingili. Ugonjwa huo hauhitaji mtu akohoe ndipo uwe kifua kikuu, na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, ila hutumiwa kwa miezi mingi bila kuacha. Mgongo unaoambatana na homa, kukonda au jasho la usiku ni wa hospitali. Vivyo hivyo ulioanza baada ya kuanguka, au unaokuja na miguu kukosa nguvu. Na mtu akianza kushindwa kuzuia mkojo au choo, au akifa ganzi sehemu anazokalia, asisubiri kukuche.

Kijana huyo anaendelea na dawa. Anatembea.

Tukirudi mlimani, watoto hawakushawishika mara moja, na wasilaumiwe. Mtoto anayetuma fedha kila mwezi kutoka Dar es Salaam halafu akasikia mama yake wa miaka 67 yuko mteremkoni na jembe huona aibu. Majirani watasema wametupa mzazi. Wapo pia wazazi ambao kweli wamechoka na hawasemi. Yule wa Songea alikuja mwenyewe Februari, akakaa siku tatu, akamfuata mama shambani bila kumwambia. Alichokiona ni mama anachimba miraba michache, anasimama, anazunguka, anabadilisha mkono, saa tano anashuka. Jioni wakazungumza, safari hii mama akiwemo. Ikaamuliwa achimbe siku tatu kwa wiki, sehemu ya juu tu, na sehemu ya chini ichimbwe na mjukuu wa kiume kwa malipo. Mjukuu alisitasita, kwa kuwa kuchimba ngoro ni kazi ya wanawake na wenzake wangemcheka. Walimcheka. Alilipwa.

Afande naye alichimba mstari mmoja, ili awe mfano kwa kijana. Dada yake alikwenda kuutazama, akasema shimo lake lingemwaga maji bondeni kama ndoo iliyotoboka, akaurudia.

Maharage yalipandwa Machi, kwa wakati. Maumivu hayajaisha. Asubuhi za baridi anaamka mkakamavu kama mti na inamchukua muda kunyooka, na wiki moja ya Aprili alilala siku mbili baada ya kubeba kuni nyingi kuliko alivyoambiwa. Lakini analala chali, na ngazi za kanisa anazipanda.

Mwezi Juni, Afande alipanda basi kwenda Mufindi na begi lake. Alicheza siku moja, akinyanyua kisigino kama wazee wa zamani, akapoteza mipira minne kwenye nyasi. Jioni alimpigia dada yake kumwambia kiuno kimetulia.

"Umepata nini huko?" dada akauliza.

Akamwambia hakuna zawadi, alikuwa anacheza peke yake. Upande wa pili kukawa kimya kidogo, kisha dada akaanza kucheka, akawaita wajukuu waje wasikie.